Mkono wa Mchoraji Hukomaaje?

Kijana anayejifunza kuchora, awe Mwisenge mjini Musoma au Kariakoo, hachukui muda mrefu kabla ya kujiuliza: mtindo wangu ni upi? Swali hilo humpotosha, maana linachukulia kwamba mtindo huchaguliwa kwanza, kisha kazi ndiyo ifuate, kama mtu anayechagua kitambaa kabla ya kwenda kwa fundi. Historia ya uchoraji wetu inaonyesha kinyume chake. Mtindo hujengeka pale mchoraji anapokabana kwa muda mrefu na vifaa alivyo navyo na vitu anavyovitazama, na mara nyingi watu wengine huuona kabla yake mwenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Edward Saidi Tingatinga. Mzaliwa huyu wa Tunduru alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, akiwa mtu mzima ambaye hakupita chuo chochote cha sanaa. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na akachora juu ya miraba ya ubao mwembamba wa kiwandani, ya futi mbili hivi kwa kila upande. Sasa fikiria tabia ya rangi hiyo. Ni nzito, haikauki upesi, na ukigusanisha mbili zikiwa mbichi huvurugana. Kuitumia kuonyesha mwanga unaofifia taratibu kuelekea kivulini ni taabu tupu. Inachokubali vizuri ni eneo pana la rangi moja, ukingo ulio wazi na mstari wa uhakika. Mraba nao unamwita mnyama mmoja mkubwa aujaze, bila mandhari ya mbali nyuma yake. Basi mambo ambayo leo dunia inayaita Tingatinga, sehemu kubwa yalikuwa majibu ya fundi kwa rangi ya dukani na kipande cha ubao. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, kwa hiyo kazi yote hiyo ilifanyika katika miaka minne tu.

Mchoraji George Lilanga alifikia mtindo wake kwa njia nyingine: alitoka kwenye uchongaji wa Kimakonde, na mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza walihamia kwenye michoro wakiwa na maumbo yaleyale ya gogo. Sam Ntiro alisoma Makerere, kisha chuo cha sanaa cha Slade jijini London, lakini aliendelea kuchora maisha ya vijijini Kilimanjaro kwa maumbo yake sahili. Shule haikumpokonya mkono wake, jambo ambalo wanaoogopa masomo wangelizingatia.

Wapo watakaopinga: kama ni hivyo, mbona wachoraji wengi wa Tingatinga wamekuwa wakirudia tembo yuleyule kwa ajili ya watalii? Hoja hiyo ni nzito, na Elimo Njau, mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, alijulikana kwa kupinga kuiga. Hata hivyo kuna kuiga kwa namna mbili. Anayenakili matokeo hubaki na matokeo. Anayeiga ili ajue mwenzake alitatuaje tatizo huondoka na ufundi. Simon Mpata alijifunza kwa Tingatinga mwenyewe, akatumia rangi za aina ileile, lakini wanyama wake hawafanani na wa mwalimu wake. Hata nje ya uchoraji mambo ni hayohayo: mwanafunzi maarufu kuliko wote wa Shule ya Msingi Mwisenge, Julius Nyerere, aliyeanza masomo hapo mwaka 1934, alifuata tamthilia ya Shakespeare mstari kwa mstari akatoa tafsiri yake mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Kufuata nyayo za mwingine hakukumnyima sauti yake ya Kiswahili.

Hoja ya pili inahusu simu. Kijana wa leo huona michoro mingi kwa siku moja, hasa katuni za Kijapani, akaanza kuchora macho makubwa na nywele za ncha kali. Hakuna dhambi hapo. Kasoro ni kwamba amepokea jibu bila kulijua swali: macho yale ni ufupisho uliofanywa na watu waliokwisha kuchunguza sana uso wa binadamu. Mwanzoni afupishe anachokijua.

Kwa anayeishi Mwisenge, kazi hiyo ya kuchunguza haidai fedha nyingi. Penseli moja na daftari lisilo na mistari vinatosha, na ziwa liko jirani: mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, mawe makubwa ya Musoma, mnandi aliyetanua mbawa akizikausha, dagaa walioanikwa. Chagua kimoja, ukichore mara nyingi kwa kifaa hicho hicho, ukikitazama chenyewe badala ya picha yake. Tunza michoro yote, hata mibovu, na kila baada ya miezi kadhaa ipange kwa tarehe. Yale makosa yanayojirudia kwa namna ileile yachunguze kabla ya kuyafuta, kwa sababu baadhi yake si makosa.