Kupandisha Sauti Bila Kuichana

Kadi moja ya memori hubeba miaka 70 ya muziki wa Kongo bila kulemewa. Mteja wa kibanda cha kuchaji simu, kiwe Sake, Masisi-kati au Walikale-kati, mashariki mwa Kongo, anaweza kuondoka na "Marie-Louise" ya Wendo Kolosoy, iliyorekodiwa mwaka 1948 kwa santuri za mizunguko 78 kwa dakika, na wimbo unaofuata ukawa "Yope" ya Innoss'B wa Goma, toleo la 2019 alilorudia na Diamond Platnumz. Kwa Wendo anapandisha sauti hadi mwisho ili apate kulisikia gitaa. Dakika chache baadaye anaingia Innoss'B, na spika ndogo inatetemeka juu ya meza. Basi husemwa kwamba faili la zamani ni bovu. Mwenye kibanda analichukua, analipitisha kwenye programu ya kwanza aliyonayo, anaongeza sauti na kulihifadhi upya. Faili sasa linasikika kwa nguvu, lakini kuna kitu kimeondoka ndani yake ambacho hakuna programu itakayokirudisha.

Kubadilisha faili ni kazi moja, kusawazisha sauti ni kazi nyingine. Programu nyingi za bure huzifanya zote mbili kwa kubofya mara moja, na hapo ndipo nyimbo zinapoumia. Kwa muziki wa dukani hasara hiyo si kubwa, maana nakala nyingine ipo Kinshasa au Paris. Kwa rekodi ya bibi anayeimba kwa Kihunde kwenye simu ya mjukuu wake, nakala nyingine haipo.

Tuanze na faili lenyewe. Sauti ya ubora wa CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde kwa kila upande, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Dakika moja hula megabaiti 10 na ushee. MP3, iliyotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani na kupitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1993, huipunguza dakika hiyo hadi karibu megabaiti moja kwa kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde. Haifanyi hivyo kwa kukunja tu. Inatupa. Inakisia ni sauti zipi sikio halitazisikia kwa sababu zimefunikwa na nyingine kubwa zaidi, inaziacha hizo, na zinazobaki inaziandika kwa makadirio. Kilichotupwa kimetupwa. Kuigeuza MP3 kuwa WAV baadaye ni kumimina kikombe cha maji ndani ya pipa: pipa ni kubwa, maji ni yale yale. Na kuitoa MP3 kuipeleka AAC, kisha Opus, kisha MP3 tena, ni kukisia juu ya makisio. Kila hatua inatupa upya.

Simu nyingi ndogo za vitufe ni kali kuliko MP3. Zinarekodi kwa AMR, kodeki iliyotengenezwa kwa mazungumzo ya simu. AMR huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, hivyo hakuna chochote kilicho juu ya hezi 4,000 kinachoweza kubaki. Tena imejengwa juu ya picha ya koo la mtu mmoja anayesema. Ukiipa watu wawili wakiimba pamoja, au sauti na ngoma, inajaribu kuvieleza vyote kana kwamba vimetoka kwenye koo hilo moja. Saa nzima inaingia katika megabaiti tano na nusu, na kwa ujumbe wa sauti hilo ni jambo jema. Kwa muziki ni balaa.

Hapa Walikale inatupa mfano ambao sijaona bora kuliko huo. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, ambao wanafasihi wa dunia wanaufahamu, ulisimuliwa mwaka 1956 na Candi Rureke kwa siku 12, mbele ya Daniel Biebuyck wa Ubelgiji na wasaidizi waliokuwa wakiuandika kwa mkono. Biebuyck na mtaalamu wa lugha Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, waliutoa katika kitabu mwaka 1969. Kitabu kinatupa maneno. Lakini mwenye kuusimulia utendi huu huimba, hucheza na huigiza, ana kibuyu chenye kokwa mkononi, na vijana kando yake wanagonga mti mkavu kwa vijiti. Vitu hivyo vitatu, koo, kibuyu na mti, vikiwekwa mbele ya simu vinaonyesha kila udhaifu wa programu zetu.

Kibuyu kwanza. Mchakacho wa kokwa una nguvu nyingi juu ya hezi 4,000, kwa hiyo AMR inaukata karibu wote. Kinachobaki ni mvumo kama wa upepo. MP3 ya kilobiti 64 inaubakiza, lakini kwa kuwa mchakacho hauna mpangilio wa kukisiwa, inauandika kwa biti chache zisizotosha, na unasikika kama umelowa. Mti nao una shida nyingine. MP3 hufanya kazi kwa vipande vya sampuli 576, kama milisekunde 13. Pigo kali likitua katikati ya kipande, makosa ya makadirio husambaa kipande kizima, hata sehemu iliyo kabla ya pigo. Unasikia kivuli cha pigo kabla ya pigo lenyewe. Programu nzuri ya kubana, kama LAME iliyoanza 1998, huhamia vipande vifupi zaidi inapoliona pigo linakuja, na ndiyo sababu MP3 mbili za kasi ileile zinaweza kutofautiana sana kwa ubora.

Sasa koo, na hapa tunaingia kwenye suala la sauti kubwa na ndogo. Katika rekodi ya namna hii pigo la mti hugusa kilele cha juu kabisa ambacho faili linaweza kuandika, wakati sauti ya msimulizi iko desibeli 20 chini yake. Amri ya kawaida ya kusawazisha hutazama kilele tu. Inapima sampuli iliyo juu kuliko zote, inaona tayari iko darini, na haipandishi kitu. Mtu anadhani programu imekataa. Anatafuta amri ya kukuza, anatia alama kwenye kisanduku kinachoruhusu kilele kipite dari, na anaongeza desibeli 10. Kila pigo la mti sasa linakatwa kichwa na kuwa bapa, na ndiyo sauti ile ya kuchanika inayokwaruza masikio. Akihifadhi juu ya faili la awali, basi.

Sikio halisikilizi kilele. Husikiliza nguvu ya wastani katika muda, tena halisikii masafa yote sawasawa. Ni jepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000, jambo ambalo Fletcher na Munson walilipima tangu 1933. Kuongeza desibeli 10 ni kuzidisha nguvu mara kumi, lakini mtu husema imekuwa kubwa kama mara mbili tu. Ndiyo maana wimbo wa 1948 na wa 2019 zinaweza kuwa na kilele kimoja huku mmoja unanong'ona na mwingine unafoka: tangu miaka ya 1990 studio zilizoea kubana vilele na kuinua kila kitu kilicho chini yake ili wimbo wao usikike kwa nguvu kuliko wa jirani.

Kipimo kinachofuata sikio kilipatikana mwaka 2006, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu lilipotoa kanuni iitwayo BS.1770. Huongeza uzito wa masafa ambayo sikio linayajali, na katika sura zake za baadaye hupima vipande vya milisekunde 400 na kuacha vile vya ukimya visishushe wastani. Jibu hutolewa kwa LUFS. Watangazaji wa Ulaya walikubaliana mwaka 2010 juu ya LUFS hasi 23. Spotify hulenga hasi 14. Kwa simu na spika ndogo sokoni, mimi ningechagua hasi 16 au karibu na hapo. Redio ya jamii inayochanganya matangazo ya chanjo, kwaya na rumba katika saa moja ingenufaika na kipimo hiki kuliko kununua kifaa kipya, na hakina gharama: Audacity inayo amri ya kusawazisha kwa LUFS, na FFmpeg ina kichujio kiitwacho loudnorm. Hiki cha pili kifanyishe kazi mara mbili, ya kwanza kupima, ya pili kurekebisha, na ukiambie wazi kitoe sampuli 48,000, la sivyo huenda kikakutolea 192,000 na faili likavimba bure.

Hizo zote zinafaa kwa faili ambalo bado ni WAV au FLAC. Kwa kadi iliyojaa MP3 tayari kuna njia safi zaidi, na nasikitika kwamba vibandani haijulikani inavyostahili. Ndani ya MP3, kila kipande kina namba ya biti nane inayomwambia mpigaji akipandishe kipande hicho kiasi gani. Namba hiyo ikiongezwa moja, sauti inapanda desibeli moja na nusu. Ikipunguzwa moja, inashuka vivyo hivyo. Programu ya bure iitwayo MP3Gain hufanya hilo tu. Inaupima wimbo wote jinsi sikio linavyousikia, inasogeza namba hizo katika kila kipande, inaandika pembeni imesogeza hatua ngapi, na muziki wenyewe haufunguliwi wala haubanwi upya. Ukitaka unarudisha ulivyokuwa. Haihitaji intaneti, na kompyuta kuukuu inayotumia paneli ya jua inaimudu, kwa sababu hakuna hesabu nzito za kubana upya.

Kuna njia ya tatu, ReplayGain, iliyopendekezwa na David Robinson mwaka 2001. Yenyewe haigusi hata zile namba. Huandika lebo mwanzoni au mwishoni mwa faili kwamba wimbo huu ushushwe au upandishwe kiasi fulani. Kwa nadharia ndiyo bora. Foobar2000 na Poweramp huisoma lebo hiyo na kuitii. Lakini spika za bei nafuu zinazopigia kadi moja kwa moja, na redio za pikipiki, kwa kawaida haziisomi kabisa. Kwa hiyo kwa kadi itakayoishia kwenye spika ya aina hiyo barabara ya Sake kwenda Kitshanga, MP3Gain ndiyo jibu. Lebo waachie wenye simu nzuri.

MP3Gain imewekewa lengo la desibeli 89. Nyimbo za leo zitashuka sana, na malalamiko yatakuja. "Kijana, mbona umeishusha?" Jibu la haki ni kwamba kitufe cha sauti kipo, na sasa mteja akikiweka mahali pamoja hatakigusa tena kutoka Wendo hadi Innoss'B. Ukiona lazima upandishe lengo, nenda 91 au 92, na utazame safu inayoonya kuchanika kabla ya kukubali. Kushusha hakuchani kitu.

Kwa wanaorekodi wazee, na wapo, walimu, wanakwaya, vijana wa parokia, kazi inaanza kabla ya programu yoyote. Vita vya 2024 na 2025 vilipita Sake, Masisi-kati hadi Walikale-kati, na watu waliokuwa wakijua nyimbo za jando, za mavuno na za msiba walitawanyika. Ukimpata mmoja wao, tafuta simu yenye programu inayorekodi WAV. Mkondo mmoja wa sampuli 48,000 kwa biti 16 unakula megabaiti 346 kwa saa, na kadi ya jigabaiti 32 inaingiza zaidi ya saa 90. Weka simu karibu na koo na mbali na mti. Hatua mbili za kusogea zinafanya kazi ambayo hakuna kichujio kitaifanya vizuri hivyo. Acha nafasi juu, kilele kisifike darini. Sauti ndogo safi huinuliwa bila shida, lakini iliyochanika haishoneki.

Kisha nakala tatu, kila moja na kazi yake. WAV igeuzwe FLAC, ambayo hubana mara nyingi hadi karibu nusu bila kutupa hata sampuli moja, na isiguswe tena. Kutoka humo toa nakala iliyosawazishwa kwa LUFS ya kupigwa redioni. Na ya tatu iwe Opus ya kilobiti 32, megabaiti 14 kwa saa, ya kutuma kwa ndugu walioko Goma, Bukavu au Kampala. Kwenye programu ya ujumbe itume kama dokumenti, ili ifike kama ilivyo. Ikiwa siku moja utahitaji MP3, itoke kwenye FLAC, kamwe isitoke kwenye Opus.

Kadi za bei rahisi hufa, nyingine huandikwa jigabaiti 64 huku ndani zina nane. Ijaribu kadi mpya kwa programu ya H2testw au F3 kabla hujaiamini. FLAC nayo hubeba ndani yake alama ya hesabu ya sauti ya awali, MD5, hivyo kila miezi michache andika amri flac -t mbele ya jina la faili: ikikuta hata sampuli moja imebadilika inasema, nawe unanakili upya kutoka kadi ya pili, ambayo uiweke tangu mwanzo katika nyumba nyingine.