Goti Jipya Halina Damu

Mgonjwa wa Dongobesh au Bassotu anayehitaji goti bandia husafiri mbali kulifuata, kwenye hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Siku chache baada ya upasuaji hukabidhiwa magongo, dawa na tarehe ya kliniki, akarudi nyumbani. Tangu hapo jeraha lile linalindwa na familia.

Katika hospitali zenye uzoefu duniani, mgonjwa 1 au 2 kati ya 100 hupata maambukizi kwenye goti bandia. Ni wachache, lakini anayepatwa huteseka muda mrefu, na sababu yake inafaa kueleweka.

Goti la kuzaliwa lina mishipa ya damu. Bakteria wakiingia, damu huleta askari wa mwili, na dawa unayomeza hupita njia hiyohiyo. Goti bandia ni chuma na plastiki ngumu, halina damu. Bakteria wachache tu, mara nyingi wale wanaoishi kwenye ngozi zetu kila siku, wakitua juu ya chuma hicho hujifunika utando unaonata. Pitisha kidole ndani ya ndoo iliyokaa na maji wiki nzima: ule utelezi hautoki kwa kumwagia maji, mpaka usugue. Gotini ni vivyo hivyo. Utando ukikomaa, vidonge peke yake haviponyi. Ukiwahi, daktari anaweza kulifungua goti na kuliosha. Ukichelewa, huenda akalazimika kuling'oa lote, kuweka saruji yenye dawa kwa wiki kadhaa, kisha kuweka jingine.

Kinga huanza kabla ya upasuaji. Sukari idhibitiwe, sigara iachwe, jino bovu na vidonda vya miguu vitibiwe kwanza, hata mipasuko ya visigino. Oga kwa sabuni, wala usinyoe goti kwa wembe, maana mikwaruzo midogo ni makazi ya bakteria.

Nyumbani, bandeji ibaki safi na kavu, na anayeigusa anawe mikono kwanza. Usipake majani wala samli. Usifungue kidonge cha rangi mbili na kunyunyizia unga wake kwenye mshono. Unga huo hauufikii utando, na huwazoesha bakteria dawa.

Kwa wafugaji wa Mbulu na Hanang kuna la ziada. Brusela, ugonjwa unaotupisha ng'ombe na mbuzi mimba, humfikia binadamu kupitia maziwa mabichi na mikono inayozalisha mifugo bila glavu. Hupenda mifupa na viungo, na umewahi kukutwa hata kwenye viungo bandia. Chemsha maziwa, yakiwemo ya kugandisha, na umwachie mwingine kazi ya kuzalisha mifugo.

Dalili zinahitaji jicho makini. Goti kuvimba kiasi na kuwa na joto kwa wiki kadhaa ni kawaida. Kisicho kawaida ni mshono unaoendelea kulowesha bandeji baada ya wiki moja, usaha, wekundu unaosambaa, au maumivu yaliyokuwa yakipungua kisha yakarudi kwa nguvu. Usisubiri homa; wengine hawaipati kabisa.

Ukiona dalili hizo, usianzie duka la dawa. Daktari anahitaji kuvuta maji ya gotini kwa sindano ili maabara itambue ni bakteria gani na dawa gani inamuua. Ukiwa umeshameza dawa, kipimo kinaweza kuonyesha kwamba hakuna kitu huku ugonjwa ukiendelea ndani. Nenda hospitali siku hiyohiyo, iwe Katesh au Hospitali ya Kilutheri ya Haydom inayowahudumia watu wa huku tangu 1955, ukiwa na karatasi za upasuaji na namba ya simu ya waliokupasua, ili madaktari wa pande zote mbili wazungumze.

Na hatari haiishi mshono ukipona. Hata baada ya miaka 10, bakteria wa jipu, jino au kidonda cha mguu wanaweza kusafiri na damu mpaka kwenye chuma. Kwa hiyo kila unapotibiwa, popote pale, neno lako la kwanza kwa mganga liwe: "Nina goti bandia."