Chumvichumvi ukutani, kikohozi kitandani: Anza na maji kabla ya rangi

Mvua za masika zinapokaribia kwisha, nyumba nyingi za Musoma zilizo jirani na ziwa huonyesha dalili ileile. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno rangi imevimba, lipu inapukutika ukiigusa, na juu yake kumetanda unga mweupe kama magadi. Fundi anaitwa, anakwangua, anapaka rangi mpya. Msimu unaofuata unga umerudi, na fedha ya ada imeshaishia kwenye ndoo za rangi.

Wengi huamini hiyo ni chumvi ya ziwa. Hapana. Ziwa Victoria ni maji baridi, na upepo wake haubebi chumvi kama upepo wa bahari unavyofanya Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar, ambako chumvi ya hewani hutua ukutani, hula misumari na bati, na kuuweka ukuta katika unyevu hata siku isiyo na mvua. Chumvi inayoonekana kwenye kuta za Mara hutoka ardhini na ndani ya tofali lenyewe. Ukuta hunyonya maji kutoka chini kama utambi wa kibatari unavyonyonya mafuta ya taa. Maji yakifika juu hukauka kwa hewa, na chumvi iliyoyeyuka ndani yake hubaki. Inapoganda chini ya rangi hutanuka na kuisukuma nje. Kwa hiyo unga ule ni alama ya njia ambayo maji yamepita, na rangi haiwezi kuifunga njia hiyo.

Kwa familia yenye watoto, jambo hili si la urembo tu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likieleza kuwa wanaoishi katika nyumba zenye unyevu wana hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya kupumua, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa kwa pumu. Kuvu, ambayo mitaani huitwa fangasi wa ukutani, hutoa chembe ndogo zinazopeperuka hewani. Mtoto anayelala kwenye godoro lililosogezwa hadi ukutani huzivuta usiku kucha.

Maji yanaingilia wapi?

Kabla ya kutoa hata shilingi, zunguka nyumba wakati mvua inanyesha. Mwavuli na dakika kumi vinatosha.

Angalia kwanza paa linamwagia wapi. Nyumba isiyo na gata humwaga maji yote chini ya ukuta. Matone hurusha tope, na ukuta hubaki na mkanda wa rangi ya udongo hadi magotini. Mkanda huo ukionekana, tatizo la kwanza limepatikana. Nyumba za zamani za miti na udongo, zilizoezekwa kwa nyasi, zilikuwa na paa lililoshuka na kutokeza mbali na ukuta, na kila kiangazi zilikandikwa upya. Nyumba nyingi za bati zimepunguza ukingo huo ili kuokoa mbao. Ukingo wa sentimita 60 au zaidi hukinga ukuta vizuri, hasa upande unaopigwa na mvua ya upepo.

Gata lina faida nyingine kwa mama. Maji ya paa yakiingia kwenye tangi, safari za ziwani hupungua, na pamoja nazo hatari ya kichocho kwa watoto wanaotumwa maji. Maji ya mwanzo ya mvua yaachwe yamwagike kwanza, kwa sababu yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Kisha tazama ardhi. Nje panatakiwa pawe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 hivi. Katika nyumba nyingi udongo umepanda mwaka hadi mwaka, kwa kufagia, kwa kifusi, kwa bustani ya maua iliyopandwa ukutani, mpaka umefunika msingi na kugusa tofali. Kuuondoa ni kazi ya jembe na koleo Jumamosi moja. Ukipata saruji, mwaga zege la upana wa mita moja kuzunguka nyumba, literemke kuelekea nje. Madimbwi yakikauka pembeni mwa nyumba, mbu nao wanapungua.

Butiama iko mbali na ziwa, lakini nyumba iliyojengwa kwenye mteremko wa kilima hupokea maji kwa nyuma. Hapo dawa ni mtaro wa kuyakata kabla hayajafika msingini. Kwenye tambarare za Bunda zenye udongo mweusi wa mbuga, ardhi huvimba ikilowa na kusinyaa ikikauka, ukuta hupasuka, na mvua huingilia kwenye nyufa. Nyufa hizo zizibwe kabla ya kufikiria rangi.

Kwa wa ufukweni kuna jambo gumu zaidi. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda na kuvunja rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Ziwa likipanda, maji ya ardhini jirani nalo hupanda pia, na hakuna lipu inayoweza kushindana nayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na anayenunua kiwanja leo apime kwa futi kamba, asikubali kuonyeshwa kwa kidole.

Kosa la saruji

Wenye nyumba za matofali mabichi hupenda kuzipiga lipu nzito ya saruji ili zifanane na za bloku. Hupendeza mwaka mmoja. Lipu hiyo ngumu hupasuka, maji huingia kwenye ufa, kisha hayana pa kutokea. Tofali hulainika ndani huku nje ukuta ukionekana mzima, mpaka kipande kinapoanguka. Lipu yenye chokaa huruhusu ukuta kukauka. Wajenzi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, waliitegemea kwenye kuta zao za mawe. Rangi ya mafuta juu ya ukuta uliolowa hufanya kosa lilelile la kufungia maji ndani.

Anayejenga sasa ana nafasi ambayo wengine hawaipati tena: aweke nailoni nzito juu ya msingi, kabla ya kozi ya kwanza ya tofali, na asiruhusu fundi airuke. Ni sehemu ndogo sana ya gharama za nyumba.

Unga mweupe uondolewe kwa brashi kavu, maana maji huurudisha ndani. Lipu iliyooza ikwanguliwe kiangazi, Juni hadi Agosti, na ukuta uachwe wiki kadhaa ukauke. Watoto wakae mbali wakati wa kukwangua. Rangi kuukuu ya mafuta inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto.

Mpangaji hawezi kubomoa lipu ya mwenye nyumba, na si haki agharimie gata la mwingine. Ampigie picha wakati mvua inanyesha, amtumie. Huku akisubiri, asogeze kitanda cha mtoto umbali wa mkono mmoja kutoka ukutani, afungue madirisha mawili yanayotazamana asubuhi, nguo zianikwe nje, na kuvu ifutwe kwa sabuni na maji kisha pakaushwe. Kama kuvu iko juu kwenye pembe na si chini, huenda inatokana na mvuke wa pumzi na jiko katika chumba kilichofungwa.

Si kila kikohozi kinatokana na ukuta. Mtoto anayekohoa wiki mbili au zaidi apelekwe kituo cha afya, akapimwe pia kifua kikuu. Anayepumua kwa kasi, ambaye mbavu zinabonyea ndani anapovuta hewa, au anayeshindwa kunyonya, apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.