Kiasi Kimoja cha Baruti

Wiki nzima malori hayalali hapa Dubai Investments Park. Jumamosi ndipo honi hupungua, nasi tunaoishi katika majengo ya wafanyakazi nyuma ya karakana tunapata nafasi ya kukaa. Baraza yetu ni ngazi za mlango wa nyuma. Hapo ndipo nilipokuwa nikitazama video kwenye simu, pembeni yangu Ami, mzee wa Kipemba aliyekaa Ghuba miaka mingi kuliko umri wangu.

Kwenye video walikuwapo wazee wa Kimarekani waliovaa kofia pana na vizibao vya karne ya 19. Marekani kuna chama cha watu wa namna hii, Single Action Shooting Society, kilichoundwa mwaka 1987. Hushindana kwa bunduki za mtindo wa zamani. Mzee mmoja alifyatua mitutu yote miwili, moshi mweupe ukamfunika, akaikunja bunduki na kuchomoa maganda mawili ya shaba ya manjano. Hakuyatupa. Aliyatia mfukoni kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha chenji yake.

Nikamwambia Ami kwamba hayo ni maganda ya risasi. Akakataa. Kwao, akasema, babu zake waliyaita viasi.

Mimi kiasi nilikijua cha sukari na cha mshahara. Lakini kamusi za zamani za Kiswahili zinamuunga mkono Ami: kiasi ni risasi yenye ganda lake, na bunduki inayopakiwa kwa nyuma iliitwa bunduki ya viasi. Jina hilo limebeba maelezo yote. Ndani ya ganda mna baruti iliyokwisha kupimwa, ya mlio mmoja tu. Kabla yake mpigaji alimimina baruti mtutuni kwa mkono wake, akaishindilia kwa mdeki, na kipimo kilikuwa kichwani mwake. Ganda la shaba lilikitoa kipimo hicho kichwani mwa mpigaji na kukitia kiwandani.

Wazee wale wa Marekani wanakirudisha. Anayejaza ganda la shaba anaanza kwa kung'oa fataki iliyotumika, ile ya kuwashia baruti, katikati ya kitako na kutia mpya. Inafuata baruti, kisha kizibo cha karatasi ngumu, kisha marisaa, zile chembe za risasi, kisha kizibo kingine juu. Hapo shaba inaonyesha tabia yake. Kuta zake ni nyembamba kuliko za ganda la plastiki, hivyo tundu lake ni pana zaidi, na kizibo cha kawaida cha geji hiyohiyo hupwaya. Lazima kitafutwe kikubwa zaidi. Tena mdomo wa plastiki hukunjwa, wa shaba haukunjwi; kizibo cha juu hushikwa kwa gundi.

Kwa nini shaba, basi? Kwa sababu hutanuka. Baruti ikiwaka, ganda hujaa mtutuni na kuziba moshi usirudi nyuma, halafu hunywea kidogo likachomoka. Likitanuka na kunywea mara nyingi mdomo hukakamaa, mwisho hupasuka. Fundi huupasha moto mdomo peke yake ili shaba ilainike, na kitako hukiacha baridi, maana kitako kikilainika mlipuko unaweza kumrudia usoni. Baruti nyeusi nayo huacha masizi yenye chumvi; ganda lisipooshwa kwa maji moto mapema, shaba huliwa. Napenda sana sehemu hii ya kazi: kuosha na kukausha, ili kitu kilichokwisha kutumika kifae tena.

Kwetu Afrika Mashariki ganda hili lilikuwa jambo zito kuliko mchezo. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi mdogo wa Uingereza huko Unguja, aliiandikia serikali yake kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Hofu yake ilikuwa bunduki za viasi, kwamba bara zima lingekuja kuwa nazo. Miaka miwili baadaye, Julai 1890, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Tunaukumbuka kwa kupiga vita biashara ya watumwa, lakini ulikuwa pia na vifungu vya silaha. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta, ulizuia bunduki za kisasa. Uliachia nini? Bunduki za gumegume zisizo na mifuo mtutuni, na baruti ya kawaida ya biashara.

Walioandika vifungu hivyo walijua walichokuwa wakifanya. Mwenye gumegume alihitaji jiwe, baruti na chochote cha kushindilia. Mwenye bunduki ya viasi alihitaji ganda na fataki, na vyote viwili vilitoka viwandani Ulaya. Akikatiwa viasi, bunduki yake nzuri huwa rungu.

Wapo waliotaka kuvuka ukuta huo kwa ufundi. Buganda alikuwapo Fundi Kisule, mhunzi aliyejifunza kwa mmisionari Alexander Mackay. Lugard, ofisa wa Kiingereza ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu Waafrika, aliandika kwamba Kisule aliweza kutengeneza springi mpya na kurekebisha bunduki yoyote iliyoharibika. Wanafunzi wetu wanamjua Lugard. Nasikitika kwamba Kisule hawamjui.

Unguja ilipobanwa, biashara ilihamia Maskati, na bunduki zikasambaa Ghuba nzima. Dubai ilionja uchungu wake Desemba 1910, mabaharia wa meli ya kivita ya Uingereza, HMS Hyacinth, waliposhuka pwani kusaka silaha majumbani. Mapigano yalizuka, na watu 37 wa Dubai wakauawa. Kutoka ngazi zetu hadi pwani hiyo ya zamani ni safari ya metro.

Leo bunduki hapa ina mahali pake maalumu. Vijana huirusha hewani katika ngoma ya yola, na mwaka 2004 Sheikh Ahmed bin Hasher Al Maktoum aliipatia nchi hii medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya dhahabu, kwa kupasua visahani 189 kati ya 200 huko Athens. Zaidi ya hapo sheria ni kali. Sheria ya mwaka 2019 inakataza kumiliki au kutengeneza silaha na risasi bila leseni, na kujaza maganda chumbani ni kujitafutia jela. Nawasihi pia ndugu zangu wanaosafiri: hata ganda tupu la ukumbusho lisiingie begini. Uwanja wa ndege hawatakuuliza kama ni la babu.

Kilichobaki kwetu ni maneno, na ndiyo ninayoyakusanya. Mrao, utambi wa bunduki za kale. Kifa, mahali pa kukaa fataki. Shura, chumvi ya kutengenezea baruti. Mengine yamehama: daladala hushindiliwa abiria, na fataki ndizo zinazowashwa Burj Khalifa usiku wa mwaka mpya. Wanaosema pwani yetu ya Waswahili ilikuwa soko tu la bidhaa za watu waiangalie orodha hii. Asiyejua kazi hana haja ya jina la kila kipande chake.

Daftari langu lina kurasa nne sasa. Jumamosi iliyopita tulikwama kwenye kizibo, kile cha katikati ya baruti na marisaa. Ami anasema babu yake alikuwa na neno lake, si kizibo. Alifumba macho muda mrefu, chai ikapoa. Halikuja. Amesema atampigia simu dada yake Wete, ambaye ni mkubwa kwake na alilelewa na mzee huyo.