Wajukuu wa Niall

Miongoni mwa nasaba za Ulaya zilizohifadhi jina lao kwa zaidi ya miaka elfu moja, ukoo wa O'Neill wa jimbo la Ulster, kaskazini mwa Ireland, una daraja ya pekee. Asili yake ni Mfalme Niall Glúndub, aliyeuawa mwaka 919 akipigana na Waviking walioikalia Dublin. Ile O inayotangulia maana yake ni mjukuu, na Domnall, aliyefariki mwaka 980, alikuwa mjukuu wa Niall kwelikweli. Lakini baada yake jina likaselelea kwa dhuria yote, hata kwa wale waliotenganishwa na Niall kwa vizazi ishirini.

Mkuu wa ukoo alitawazwa kilimani Tullyhogue, katika nchi ya Tyrone, akiketi juu ya kiti cha mawe mazito, na mkuu wa ukoo wa O'Cahan akirusha kiatu kikapita juu ya kichwa chake, kuwa ni dalili ya kumkubali. Tangu saa ile hakuitwa tena kwa jina alilopewa na wazazi wake, bali aliitwa O'Neill tu, maana jina lenyewe ndilo lililokuwa taji. Waingereza waliifahamu vema siri hiyo: sheria ya mwaka 1569 ilimhesabu mwenye kujitwalia jina hilo kuwa ni haini, na jamadari wao Mountjoy, alipoingia Tyrone mwaka 1602, hakuridhika na kuteketeza mazao ya watu, bali alikivunjavunja na kile kiti.

Wakati huo aliyekuwa akipigana naye ni Hugh O'Neill, ambaye aliwashinda Waingereza vibaya mno mwaka 1598 katika vita vya Yellow Ford, kisha akashindwa Kinsale mwaka 1601, ingawa Wahispania walikuwa wamekuja kumsaidia. Alisalimu amri mwezi wa Machi 1603 mbele ya Mountjoy, naye hakuambiwa kwamba Malkia Elizabeth, ambaye kwake alikuwa akiomba msamaha, alikwisha kufa siku chache kabla.

Septemba 1607, akihofia kukamatwa, alipanda merikebu huko Rathmullan pamoja na jamaa na wafuasi takriban mia moja. Mtoto wake mdogo, Conn, hakupatikana katika haraka ile, akaachwa. Waingereza wakampeleka shule ya Eton, na hatimaye wakamfunga katika Mnara wa London. Baba mtu alifariki Roma mwaka 1616 pasipo kuiona Ulster tena, na huku nyuma ardhi yake ikagawiwa walowezi kutoka Uingereza na Uskoti. Kwa maoni yangu, hakuna msiba ulioutawanya ukoo huu kuliko safari hiyo.

Wengi wa wana wao wakawa askari wa Mfalme wa Uhispania. Owen Roe, mpwa wa Hugh kwa upande wa kiumeni, alirudi kutoka Flanders na kushinda vita vya Benburb mwaka 1646. Tawi jingine lilifanya maskani Ureno, na humo akazaliwa Alexandre O'Neill, mshairi wa Lisbon. Waliobaki nyumbani, aghalabu maskini waliokuwa wapangaji katika ardhi ya wengine, wengi wao waliiacha hata ile O chini ya utawala wa Kiingereza. Kisha njaa kuu ya 1845 hadi 1852, iliyoua watu wapatao milioni moja, ikawasukuma wengine kuvuka bahari kwenda Marekani. Katika miaka hiyo alivuka mtoto James O'Neill wa Kilkenny, aliyekuja kuwa mwigizaji mashuhuri, na mwanawe Eugene akapata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1936.

Na lipo jambo moja linalonistaajabisha zaidi. Aliyesimamia kunyang'anywa kwa ardhi za Ulster alikuwa Arthur Chichester, mwakilishi wa mfalme katika Ireland. Mwaka 1855 kasisi William Chichester, wa ukoo huohuo, aliporithi milki ya Shane's Castle iliyokuwa ya akina O'Neill, ambao alikuwa na damu yao kwa upande wa kikeni, aliomba idhini ya kifalme ya kuliacha jina la baba zake na kuitwa O'Neill. Katika kizazi chake ametoka Terence O'Neill, Waziri Mkuu wa Ireland ya Kaskazini tangu 1963 hadi 1969.