Mwacheni Mtoto Achezee Tope

Mwezi huu sisi walimu wa chekechea tunaongea juu ya uchafu.

Kila asubuhi tunawasikia: "Toka kwenye tope! Sabuni nitatoa wapi?" Ni kweli, sabuni ni shida na maji tunapanga mstari bombani. Lakini mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anajifunza kwa mikono. Akifinyanga tope, vidole vinapata nguvu ya kushika kalamu kesho. Akimimina mchanga koponi, anajua kujaa na kupungua kabla hajajua kuhesabu.

Fanyeni hivi. Mvueni, abaki na kaptula ya zamani. Choteni udongo mahali safi, mbali na choo na mfereji. Maji yaliyooshea mboga yanatosha. Mpeni kijiko, kopo na majani. Unga wa posho msiuguse, huo ni wa ugali.

Kaeni karibu naye. Mtoto huzama hata katika beseni lenye maji kidogo, na maharage huyaingiza puani. Akimaliza, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kuna mtoto alikuja kwetu hasemi. Wiki nzima alikaa pembeni anatutazama tu. Siku tuliyompa tope, alifinyanga kitu chenye miguu minne, akatuonyesha, akasema: "Ng'ombe." Mama yake alilia, maana nyumbani walikuwa nao. Tangu siku ile anaongea.

Nguo itafuliwa, wazazi. Tukutane mwezi ujao.