Mabeseni Matatu ya Mama

Sogeeni karibu, watoto wangu. Leo tunakwenda Ndosho, magharibi mwa Goma, kando ya barabara ya Sake, ambako chukudu, zile skuta za mbao, zilizosheheni mizigo hunguruma juu ya mawe meusi ya volkano.

Siku ya matokeo ya Mtihani wa Serikali, tunaouita Ekzetat, mtaa haulali. Simu hupita mkono kwa mkono, watu wakingoja ujumbe mmoja mfupi. Ukipata asilimia 50, diploma ni yako, na poda nyeupe utamwagiwa kichwani hadi kwenye kope. Ukikosa, nyumba nzima hunyamaza.

Basi siku hiyo ujumbe ukamfikia binti mmoja: 61! Mama yake, muuza maharage, akapiga vigelegele vikasikika hadi barabarani. Poda ilipotulia, binti akauliza, “Mama, nchi nayo hufanya mtihani?”

“Hufanya kila siku, mwanangu. Tena anayeusahihisha yuko mbali.”

Mama alisema kweli. Kongo hutegemea sana kuuza nje shaba na kobalti za Katanga. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka kwetu, na kuingia kwenye betri za simu na magari. Lakini bei ya shaba hupangwa kwenye masoko ya mbali, kama lile la London. Katikati ya 2008 tani moja iliuzwa zaidi ya dola 8,000. Ilipofika Desemba, ilikuwa karibu dola 3,000. Migodi mingi ikasimama, wachimbaji wakarudi nyumbani mikono mitupu, na faranga yetu ikashuka.

Mtaniuliza, Ndosho inahusikaje? Sikilizeni. Mama huuza maharage kwa faranga. Mchele wa ng’ambo, sabuni, na mara nyingi pesa ya masomo, huhesabiwa kwa dola. Faranga ikidhoofika, beseni lilelile la maharage halitoshi tena kumlipia mtoto. Ndivyo bei ya London inavyoingia darasani bila kupiga hodi.

Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje, na bei ikapanda. Ilikuwa hatua ya ujasiri. Lakini mwenye bidhaa moja akiifungia ndani, siku hiyo hana cha kuuza.

Mama alikwisha kujifunza hilo. Zamani alikuwa na beseni moja tu, la maharage, akivuka nalo mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Machi 2020 korona ikafunga mpaka, naye akakaa nyumbani na maharage yake. Tangu hapo akaongeza beseni la viazi, na la tatu la sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Hili likikosa mnunuzi, lile humlisha. Pesa ya Ekzetat ilitoka kwenye hilo la tatu.

Binti akafikiri kidogo. “Kwa hiyo nchi nayo inahitaji mabeseni mengi.”

“Na watu waliosoma wa kuyajaza,” mama akajibu. “Watu wa kuifanya shaba iwe waya hapahapa, na viazi viwe unga.”

Kesho yake alfajiri, poda ingali kwenye nywele zake, binti alijitwisha beseni la sambaza, akatangulia sokoni.